Pistoni Nne Katika Pipa la Soda

Siku yangu ya kwanza kazini, shefu wa atelye, mkuu wa karakana, hakunipa spana. Alinipa brashi ya waya, beseni la mazutu, yaani dizeli, na sumaku ndogo, akaniambia, "We utaosha. Mutu mwenye hajue kuosha motere, hawezi kuifunga." Atelye ilikuwa mtaa wa Asiatique, nyuma ya maduka ya vitambaa, nami nilikuwa kijana wa mtaa wa Buyenzi niliyejiona fundi tayari. Niliosha miaka miwili kabla sijaruhusiwa kukaza nati hata moja.

Ninyi mnaonunua dawa ya kuoshea kwenye chupa hamtajua tulivyofanya. Tulikuwa na vyombo viwili. Pipa lilikuwa na maji moto na soda kali, ile ya kupikia sabuni. Humo tulitia vyuma, na grisi ya miaka mingi ilibanduka yenyewe. Beseni la mazutu lilikuwa la vitu vya alumini, hasa pistoni, kwa sababu soda huila alumini kama mchwa anavyokula mlango. Sumaku ndiyo iliyoamua: kinachonasa, pipani, kisichonasa, kwenye beseni. Kosa la wanafunzi wengi lilikuwa hilo, na mimi nikiwa mwanafunzi sikulifanya. Nililifanya nikiwa fundi mwenye ndevu na watoto watatu.

Ilikuwa wakati wa vita, miaka ya vikwazo, mazutu yakifungiwa kwa kufuli ofisini. Wakulima wa mpunga wa bonde la Imbo walituletea trakta kuukuu iliyolala shambani tangu vita vianze, tuifufue kabla ya mvua. Pistoni zake tulikabidhiwa watu wawili, mimi na Salvatori, mtu mpole aliyekuja kwa miguu kutoka Gasenyi, kule milimani, kila asubuhi.

Masizi yalikuwa yameganda kwenye mifereji ya segmenti, zile pete zinazozuia moshi na mafuta visipite pembeni mwa pistoni. Njia halali ni kuloweka kwenye mazutu, kisha kukwangua kwa kijiti, taratibu. Mazutu ya siku ile yalikuwa tope tupu, na mimi nilikuwa nimechoka. Salvatori alipokwenda kuteka maji, nikazitumbukiza pistoni zote nne pipani. Dakika tano tu, nilijiambia. Mara risasi zikalia upande wa milimani, tukafunga mlango na kutawanyika. Nilizikumbuka nilipofika nyumbani, na amri ya kutotoka nje ilikuwa imeshaanza.

Asubuhi nilimkuta shefu amesimama mbele ya Salvatori, aliyetangulia kufika na kuzitoa pistoni kwa ndoana ya waya. Zilikuwa nyeusi, zimetobokatoboka, mifereji imeliwa yote.

"Apana, shefu," Salvatori alikuwa akisema. "Mi nimezikuta mu pipa."

"Umezikuta! Zilijitupa zenyewe?" Shefu akanigeukia. "Sadiki, ni we?"

Shefu alikuwa jirani yangu Buyenzi, tuliswali safu moja. Nilimwona usoni anataka jibu gani.

"Apana, shefu."

Salvatori alinitazama.

"Nyie watu wa kule juu munatuharibia makusudi," shefu akafoka. "Iyi ni sabotaji. Toka, mbele sijaita askari!"

Wakati ule, waasi wakiwa milimani, neno hilo liliweza kumuua mtu. Salvatori alivua ovaroli, akaikunja vizuri na kuiweka mezani. Habari zilimtangulia, na hakuna atelye nyingine iliyompokea. Niliona haya, lakini haya yangu haikuwa na miguu ya kwenda kwa shefu. Trakta ilipata pistoni nyingine mvua zikiwa zimeshapita, na wakulima wale walikosa msimu mzima.

Mimi nilipanda cheo. Nikawa fundi mkuu, kisha shefu mwenyewe, nikiwakaripia wengine kuhusu sumaku. Siku ya kustaafu vijana walinisifu kwamba sijawahi kuharibu kipande cha mtu. Wiki iliyofuata nikaenda Gasenyi.

Salvatori alikuwa uani akifyatua matofali. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama.

"Nilijua tangu siku ile," akasema. "Nilikuwa nangojea tu useme."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Mi nilishakusamehe zamani. Lakini enda umwambie Mama Odeta, bibi yangu. Miaka yote iyi anaamini ni mi niliharibu kazi yenye ilikuwa inalisha watoto. Iko mu jiko."

Nilifika mlangoni mwa jiko, nikajitambulisha kuwa nilifanya kazi na Salvatori. Mama Odeta akafuta kigoda kwa kitenge chake. "Karibu, muzee. Kama ulifanya kazi na bwana yangu, we ni mutu wa kwetu. Kaa, chai iko tayari."

Nikakaa. Nikanywa chai. Nikashukuru, nikaaga. Salvatori alinisindikiza hadi barabarani, naye alijua sikusema.

Vijana, sina hekima ya kustaafu ya kuwapa. Mikono yangu iliosha vyuma vya watu maisha yangu yote, na mdomo wangu umenishinda mara mbili. Mama Odeta, kama yupo wa kukusomea haya: pistoni zile nilizitia mimi.