Daftari la Maombi la Mama Yudita

Pale Nakivale, kambi ya wakimbizi huko Uganda, kanisani kwao kila mtu alijua kwamba Mukakalisa "anashikwa". Akishikwa na tumbo, maziwa ya kuuza huganda kwenye kibuyu, naye hujikunja mkekani akiuma kitenge majirani wasimsikie. Basi Mama Yudita, kiongozi wa maombi, anakuja na wamama wake, wanafunga siku tatu. Siku ya nne Mukakalisa anasimama. Haleluya! Yudita anaandika daftarini tarehe aliyoshikwa na tarehe aliyoponywa.

Hapo ndipo walipodanganyika, na wala siwacheki. Maumivu yale yangeondoka siku ya nne wafunge wasifunge. Lakini nani atahoji dawa inayoponya kila mara?

Ubaya ni kwamba yalirudi, na kila yakirudi yamenona. Benitha, bintiye, hakupata mdogo. Zahanati walisema malaria, kisha taifodi, kisha eti azae tena yataisha. Mxiu! Angezaa vipi?

Mwaka 2012 alizimia kwenye foleni ya chakula, wakamkimbiza hospitali ya Mbarara. Yudita alimsindikiza na daftari lake kwapani. Daktari Provia alipouliza maumivu huanza lini, Mukakalisa aliinamisha kichwa, maana mambo hayo kwao hayasemwi. Yudita akafungua daftari kuonyesha kazi ya Mungu. Daktari akapitisha kidole kwenye tarehe, moja baada ya nyingine.

"Nyabo, mama, hizi si siku zako za mwezi?"

"Ndiyo."

"Zote?"

"Zote, Daktari."

Daktari akamweleza polepole. Nyama inayofanana na ile ya ndani ya tumbo la uzazi ilikuwa imeota nje yake. Kila mwezi inavuja, na damu haina pa kutokea, kwa hiyo inavimbisha na kugandisha viungo pamoja. Endometriosisi. Walipompasua walitoa uvimbe uliojaa damu kuukuu, nyeusi kama oili chafu ya gari, na kifuko kimoja cha mayai kikaenda nao. Wakampa vidonge vya kutuliza.

"Haijaisha, imelala tu," daktari alisema. "Una msichana? Akianza kuumia hivi, mulete mapema. Usingoje kama wewe."

Mukakalisa alikuwa na hofu moja tu tangu siku ile.

Mwaka 2015, asubuhi moja, alimkuta Benitha, wa miaka kumi na minne, amejikunja mkekani. Kitenge kilikuwa mdomoni. Kabla hajaita mtu, Yudita alikwishafika mlangoni na wamama wake.

"Nani amekuita?" Mukakalisa aliuliza.

Mukakalisa akamnyang'anya daftari. Jina la Benitha lilikuwamo mara kumi na tisa, mwezi baada ya mwezi.

"Alinikataza kukuambia," Yudita alisema huku akilia. "Alisema utaogopa mingi. Na kila mara alikuwa anapona, Mama Benitha. Kila mara!"