Mausi Iliyobaki Nje ya Lango

Sisi tuliokuwa watoto Kisaju kabla mashamba hayajakatwa ploti, tulijua kuisubiri kompyuta iamke. Vijana wa leo, simu ikichelewa kidogo kuwaka, wanavuta pumzi kama waliotumwa maji kwa miguu mpaka Isinya. Yetu, ukishabonyeza kitufe, ungeweza kwenda kunawa uso, urudi, ukae, uikute bado inajisemea peke yake kwenye kioo cheusi, mistari myeupe ikipanda mmoja baada ya mwingine. Lakini hakuna aliyekwenda kunawa uso. Kwetu ile mistari ndiyo iliyokuwa utamu wenyewe.

Kompyuta ilikuwa moja, kuukuu, nzito kama debe la mahindi. Kanisa lilipewa na marafiki wa Nairobi, ikawekwa kwenye chumba cha mabati nyuma ya madhabahu. Vumbi la barabara ya Namanga lilikuwa linaingia hata kwenye chai, kwa hivyo akina mama wa kanisa waliifumia kitambaa cheupe chenye maua, na kibodi nayo ikafumiwa chake. Ikipata moto ilitoa harufu ya vumbi la kuungua, na mpaka leo nikiisikia harufu hiyo mahali nakumbuka Jumamosi.

Rafiki yangu wa Jumamosi hizo alikuwa Wanjiru. Wazazi wake walikuwa wametoka Murang'a wakafungua duka la mbegu pale sokoni. Yeye alikuja na githeri, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe, mimi nikaja na maziwa lala ya kibuyu, yale yenye vidoa vyeusi vya mkaa wa kusafishia kibuyu. Tulibadilishana kabla ya somo, na kila mmoja aliamini amempunja mwenzake.

Mwalimu wetu, Mwalimu Daudi, alikuwa kijana asiye na subira na kitu chochote isipokuwa ile mashine. Alituambia ndani yake mna mkubwa wa boma anayeitwa kernel, na mistari ile ni yeye akikagua. "Akiamka hajui ako na nini," alisema. "Anazunguka akiuliza mmoja mmoja: uko? Wewe ni nani? Akijibiwa, anampatia driver, yaani mtu anajua lugha yake, na laini ya kuita ndio asigongane na mwingine." Kernel aliuliza diski, akauliza kibodi, akauliza mausi na printa. Asiyekuwepo wakati wa kuulizwa alihesabiwa hayupo, hata akija baadaye akakaa pale pale mbele yake. Enzi hizo mambo yalikuwa hivyo.

Wenzangu walikariri tu. Mimi nilielewa mara moja, kwa sababu nilikuwa nimekiona kitu hicho kila jioni tangu nizaliwe. Baba yangu hakuhesabu ng'ombe. Kwetu kuhesabu mifugo kwa sauti hakukupendeza, ni kama kuita hasara. Alisimama langoni na fimbo yake, wakapita mbele yake wakiingia, kila mmoja kwa rangi yake na pembe zake na ukorofi wake. Wakishapita wote alijua nani yuko na nani amebaki huko korongoni. Ndipo miiba ikasukumwa kufunga lango.

Sasa taabu yangu ilikuwa hii. Jumamosi ndama walikuwa wangu, maana kaka yangu alikuwa shule ya bweni. Baba alinikubalia niende kompyuta kwa muda tu, kisha yeye mwenyewe aje aone. Akikuta ni mchezo, narudi kwa ndama, na hakuna wa kumbembeleza. Nilimwambia Mwalimu Daudi, naye akaniambia nichore kitu ambacho Baba atakitambua. Kwa wiki kadhaa nikawa nachora kwa mausi fahali wake mweusi mwenye kiraka cheupe ubavuni. Mkono uliuma. Nilimtaka yule fahali aniokoe.

Siku ya Baba kuja, chumba kilifagiliwa mara mbili. Wanjiru alipewa kazi ya kusafisha mausi. Vijana hawajui haya: mausi zetu zilikuwa na kigololo tumboni, kigololo kikajaa uchafu, ukakitoa ukakifuta kwa sketi. Wanjiru aliichomoa, akakaa chini kwenye sakafu na kazi yake. Ndipo mlango ukafunikwa na shuka nyekundu ya Baba.

Kwetu mzee akiingia, mtoto anaacha alichoshika, anakwenda kuinamisha kichwa, na mzee anamwekea kiganja utosini. Tulikwenda wote. Wanjiru ndiye aliyekuwa wa kwanza, maana alikipenda kile kiganja kuliko sisi Wamaasai wenyewe. Aliinama pale na kigololo kikiwa bado kwenye ngumi. Na Mwalimu Daudi, akitaka mgeni asikae bure, akabonyeza kitufe.

Mwanzoni namba zilikimbia kiooni, mashine ikipima kumbukumbu yake, na Baba akageuza uso akatazama dirishani mpaka zikaisha. Kisha mistari ikapanda. Kisha picha ikaja na kile kimshale katikati. Nilikaa, nikanyoosha mkono, mausi haipo. Wanjiru alitoka mbio, akarudisha kigololo, akachomeka waya. Nikasukuma. Kimshale hakikusogea. Nikasukuma tena mpaka mausi ikataka kuanguka mezani, nacho kimetulia tu katikati ya kioo.

Baba aliinama akaitazama. "Si hii hapa? Mbona mashine haiioni?"

Mwalimu Daudi alianza kwa Kiingereza, akaingia Kiswahili, akatoka jasho. Baba akasimama, akachukua fimbo yake. Alikuwa na zamu ya maji kisimani na jua lilikuwa limeshapanda. Niliona Jumamosi zangu zikitoka mlangoni pamoja naye. Nikasema, kwa Kimaa, kwamba ile mashine ilisimama langoni ikiuliza kila mmoja, na wakati huo mausi haikuwa mahali pake, ilikuwa inasafishwa. Sasa lango limefungwa.

Baba aliishusha fimbo. Kisha akamgeukia Mwalimu, akasema kwa Kiswahili, taratibu, "Kwangu ikibaki moja nje, tunafungua tena. Fungueni." Akaketi.

Kompyuta ikazimwa, ikawashwa upya. Safari hii Baba alisogea karibu, nami nikamsomea mistari kwa Kimaa kadiri nilivyoweza kuidaka: diski imeingia, kibodi imeingia. Kila nilipotaja mmoja aliitikia kwa kichwa, vile vile alivyofanya langoni. Kumbe hata kuchoka kusubiri hakuchoka.

"Na ile yenu?" akauliza.

"Imeingia, Papa."

Kimshale kilisogea. Nikamfungulia fahali wake. Alimtazama, akasema pembe ya kushoto si hivyo, inaangalia chini zaidi. Alipofika mlangoni akaongeza, bila kugeuka, "Jumamosi ndama nitawachunga mimi." Wanjiru akanifinya mkono mpaka nikaumia. Nililia, sikujificha.

Leo naishi Kitengela, na kazi yangu ni hizo hizo kompyuta. Za siku hizi zinaficha mistari nyuma ya picha nzuri, na kitu chochote unachomeka saa yoyote, kinatambuliwa papo hapo, hakuna lango la kufungwa. Mwanangu Lemayian anachomeka na kuchomoa kama anachezea swichi ya taa, na nikimweleza habari ya kusubiri ananiuliza kama tulikuwa tunaadhibiwa. Ni afadhali hivi, sibishi. Ila nasikitika kwamba hajawahi kuiona mashine ikijitambua, kiungo kwa kiungo. Hata kwa babu yake anainamisha kichwa nusu, jicho moja likiwa kwenye simu, na Baba anamwekea kiganja hivyo hivyo.

Lango la Kisaju sasa ni la chuma. Pande zote ni kuta za majirani, na ng'ombe waliobaki mtu anaweza kuwaona wote kwa mtazamo mmoja. Baba bado anasimama pale jioni. Jumamosi iliyopita nilikuwa nimemtuma Lemayian mbele kwa babu yake kwa boda boda, mimi nikakwama Kitengela na mteja, giza likakaribia. Nikampigia Baba simu nikamwambia asinisubiri, akae ndani, afunge.

Akasema, "Ng'ombe wameingia. Kijana ameingia. Wewe hujaingia. Sijafunga."