Mwalimu Anayegonga Ukuta

Mwalimu wa biolojia, jirani ya Kahindo pale Mbunya, hakupiga hodi kama watu wengine. Aligonga ukuta wa udongo kwa kifundo cha kidole, taratibu, kana kwamba anaujulia hali, ndipo akaingia na chaki kwenye kucha. Kila jioni alikuja kunywa maziwa ya kuganda na kusimulia darasa lake kwa sauti iliyofika barabarani. Siku moja alimkuta Kahindo analia. Mtoto wa Kahindo alikuwa akipona kuhara, na maziwa hayo ndiyo pekee aliyoyakubali. Muuguzi alisema maji yachemshwe; Kahindo, kwa hofu, akachemsha hata maziwa yaliyoganda.

“Mwalimu, niliua mikrobe yote, vile vidudu vya maziwa, hata ile ya muzuri!”

“Ilikufa, ndiyo. Lakini kuta za miili yake bado ziko. Askari wa mwili watazipapasa, wajifunze nani jirani, nani mwizi. Kazi yake haijaisha yote, mama.”

Alijifuta chaki kwenye suruali, akapiga magoti mbele ya mtoto, akachota kijiko cha maziwa kikombeni. Mtoto akafumba mdomo. Mwalimu aligonga kikombe kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anavyogonga ukuta. Mtoto akacheka, na mdomo ukafunguka.