Ijumaa Baba Alipoiacha Kompyuta Ikiwaka

Mwishoni mwa miaka ya tisini, watu wakishajua unaweza kuwasha kompyuta, basi wewe ndiye fundi wao, utake usitake. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika duka la familia moja ya Kihindi mjini Kisii. Fundi mwenyewe alitoka Kisumu mara moja kwa mwezi, akipenda. Siku nyingine zote mzigo ulikuwa wangu: kupangusa vumbi, kungoja diskete ya kuua virusi itoke Nairobi kwa basi, kuitia katika mashine moja baada ya nyingine huku wateja wakinung'unika. Ikifika, virusi vingine vipya vimeshaingia. Nilichoka, jamani. Nilichoka hata nikiwa nimelala.

Mwenye duka alipoleta mashine mpya alinipa moja kuukuu, nami nikampelekea baba yangu kule Birongo. Nilijipalia makaa mwenyewe, maana tangu hapo hata Jumapili yangu ya kupumzika ikawa ya kompyuta.

Baba alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, Msabato wa kweli kweli, na alikuwa ameanza kusahau. Alijua anasahau. Aliniambia wazi kwamba anataka kuandika habari za mama yake, nyanya ambaye sisi watoto hatukuwahi kumwona, kabla hazijamtoka zote kichwani. Hakuna mwingine aliyebaki wa kuzisimulia. Alichapa kwa kidole kimoja, ukurasa kwa wiki, na kila Jumapili nilipofika alinisomea.

Nyumbani kwetu kitu cha thamani hakiachwi uchi. Mama alifuma kitambaa cha kufunika skrini, kingine cha kibodi, na kimoja kikubwa, chenye maua, cha lile sanduku lake. Niliwaonya wavitoe mashine inapowaka, kwa sababu inapata joto. Mama akasema wamesikia.

Ijumaa moja jua lilitua baba akiwa katikati ya sentensi. Sabato ikaingia, siku isiyofanywa kazi. Kuchapa ni kazi. Akafikiri, akaona hata kuizima ni kazi. Sentensi yake alikuwa ameshaihifadhi jua likiwa bado linachungulia, basi akaondoka mezani. Mama naye akaifunika mashine kwa vitambaa vyote vitatu, ule mwanga usiwasumbue kwenye maombi. Ikawaka hivyo mpaka kesho yake. Waliporudi kutoka kanisani, sebule yote ilinuka plastiki iliyoungua.

Nilifika Jumapili nikiwa hoi, viatu vimejaa matope. Nilipoona vile vitambaa vimekauka na kugeuka kahawia, nilipandwa na hasira, nikamgeukia baba.

"Tata, nilisema nini? Hebu niambie, nilisema nini?"

Hivyo ndivyo yeye alivyokuwa akiwauliza wanafunzi wake. Alisimama mikono nyuma. Mama aliniangalia kwa jicho kali, nami nikajifanya sikuona.

"Usiiguse tena mpaka nirudi na kipuri," nikasema.

"Sawa. Basi niendelee kwa kalamu?"

"Uandike kwa kalamu, halafu nani akuchapie yote hayo? Mimi? Wee, ngoja tu itengenezwe."

"Haya, mwalimu," akasema, akacheka kidogo. Mimi sikucheka.

Maandishi yenyewe yalikuwa salama. Kilichoungua ni feni na kile kifaa cha kuingiza stima. Vipuri vilifika baada ya wiki mbili. Wiki tatu zilizofuata zilikuwa zangu mimi, na sina wa kumsingizia. Nililala. Kila Jumapili nilijiambia nitaenda ijayo, kwani ukurasa mmoja wa mzee utakimbilia wapi?

Nilipoenda, niliifungua, nikaisafisha, nikaitia diskete mpya. Ikawaka bila kelele. Sijawahi kutengeneza mashine ikanitii vile. Nilimwita baba. Mama akaniambia hakugusa hata kalamu wiki zote hizo. Kila alipomhimiza, alijibu kwamba ameambiwa angoje.

Akaketi, akavaa miwani, akausoma ukurasa wa mwisho kwa sauti. Mto ulikuwa umefurika. Mama yake alikuwa amembeba yeye mgongoni, akiwa mtoto wa miaka minne, na watu waliokuwa ng'ambo walikuwa wakimpigia kelele asithubutu kuvuka. Akaingia majini, maji yakamfika kifuani, kisha...

Hapo ndipo jua lilipotua ile Ijumaa. Nilingoja. Baba aliusoma tena ule ukurasa kwa macho tu. Halafu akanigeukia, uso wake umejaa hamu.

"Kisha ikawaje?" akaniuliza.