Kifua cha Mkulima

Miaka ile ya Ujamaa nilipangiwa kufundisha sanaa katika shule ya wavulana, Mwanza. Nilikuwa mwanamke pekee katika chumba cha walimu, nimetoka Bukoba na sanduku moja, na nilidhani kazi yangu ingekuwa kuwafundisha vijana kutazama. Kumbe walikuwa wameshatazama, tena sana. Kila Jumamosi walishuka mjini kusimama mbele ya sinema. Hata walioshindwa kuingia walirudi na mabango yamewakaa kichwani: wanaume vifua wazi, misuli imewatoka kama kamba, ngumi mbele.

Somo la kwanza niliwaketisha wawili wawili wachorane. Nikapita kati ya madawati. Kila karatasi ilikuwa na mtu yule yule wa bango.

"Mwenzako ana mabega haya kweli?" nilimuuliza kijana mmoja wa kidato cha pili, hodari wa penseli kuliko wote.

"Hana, mwalimu. Lakini ndivyo anavyotaka."

Aliyechorwa, kijana mwembamba wa Ilemela, aliinamisha uso akitabasamu.

Haukupita muda mkuu wa shule akaniita. Wageni wa Chama walikuwa wanakuja, naye alitaka mkulima achorwe kwenye ukuta wa bwalo. Nikachora kwanza kwenye karatasi: mama yangu, kama nilivyomwacha kwenye migomba, ameinama, mkono mmoja kiunoni.

Mkuu aliitazama, akanirudishia. "Mwalimu, huyu mama amechoka. Wageni wataona kilimo ni adhabu."

Nikaikunja karatasi. Shuleni kwetu mvulana aliyechelewa alipelekwa shambani kulima.

Basi nikamwomba yule kijana mwembamba asimame na jembe tumchore. Alipovua shati, wenzake walicheka mpaka wakashika meza. Kabla sijawanyamazisha, yule hodari wa penseli alikuwa ameshaanza. Miguu ilikuwa ya mwenzake, na namna ya kushika jembe, na hata uso. Kifua kilikuwa cha sinema.

Mkuu alipoiona alipiga makofi kwa furaha. Wiki nzima tulipanda juu ya meza tukapaka ukuta kwa chokaa, masizi na udongo mwekundu, maana rangi ya dukani haikupatikana. Siku ya ugeni, mmoja wa wale wakubwa alisimama mbele ya ukuta akasema kwa sauti, "Huyu ndiye mkulima!" Wavulana wakanigeukia. Nami nikapiga makofi pamoja na wengine.

Ndipo yule kijana mwembamba alipoanza kunyanyua mawe nyuma ya bweni, na mawe ndiyo mali ya Mwanza. Mchana mmoja aliingia darasani amefungwa kitambaa mkono wa kulia. Jiwe lilikuwa limemponda vidole.

"Unajiumiza kwa nini lakini?"

"Mwalimu, kila anayeingia bwaloni anaambiwa yule ni mimi. Halafu ananitazama."

Niliomba uhamisho. Mkuu alinijibu kwa upole kabisa, kama anayenisifu. "Uhamisho wa kwenda wapi, mwalimu? Huko kote wanataka ukuta kama huu."

Alisema kweli. Tukachora ukuta mwingine Mkuyuni, kisha tukaitwa ng'ambo ya ziwa, Busisi, kwenye ghala la ushirika. Kwenye kivuko nilikaa kati ya wavulana na ndoo za chokaa, nikawaza kwamba nikishuka upande ule naweza kuendelea kutembea tu. Lakini kila mlango ambao ningebisha hodi wangeniuliza ruhusa yangu iko wapi.

Ghalani, kifua nilikipaka mwenyewe. Nikakifanya chembamba, mbavu zikionekana kidogo.

Msimamizi wa ghala akaja, akatazama juu. "Mwalimu, mbona huyu ana njaa?"

Wavulana walikuwa wameshachovya brashi. Aliyetangulia kufika ukutani ni yule aliyepondeka vidole. Alipaka kwa mkono wa kushoto, akapanua kifua, akapanua mabega, ulimi umemtoka kidogo kwa bidii. Ndoo ilikuwa mbali naye, nikaisogeza, nikaishika mpaka alipomaliza.