Tulimzika mke wangu bila spika kwa sababu ya korongo wa kisiwani

Wakuu, habari zenu. Mimi niliishia darasa la nane na si mwandishi, lakini haya nimeyaona kwa macho yangu na sitaongeza chumvi.

Ni fundi wa viatu hapa Eldoret, nakaa mtaa wa West Indies. Boma letu liko upande wa Burnt Forest, kando ya dam. Katikati ya dam kuna kisiwa kidogo, unakizunguka kwa mguu kabla chai haijapoa. Hapo ndipo korongo wenye taji wanataga.

Mke wangu Rhoda ndiye alikilinda. Yeye na akina mama wa kikundi chao walipanda matete, wakazuia ng'ombe kuvuka, halafu wakaanza kuzungusha wageni kwa boti kuona ndege.

Nitasema ukweli, miaka ya kwanza nilimcheka.

"Mama Sifa, na kuku wetu nani atawalinda?"

"Kuku wana mlango. Hao wana mimi."

Sheria yake ilikuwa moja. Korongo wakilalia mayai, boti haitoki na kelele hakuna. Hata mgeni awe ametoka mbali namna gani, anatazama akiwa ng'ambo.

Mwaka huu aliugua kifua, akatuacha. Hapo siwezi kuandika zaidi.

Sasa, sisi kwetu ni Bungoma. Matanga bila spika ni aibu. Hata mimi nilizitaka, tena kubwa, watu wajue nimezika mke. Kaka yangu mkubwa, Wafula, alileta sita kwa pickup pamoja na jenereta. Nilisaidia kuzishusha.

Asubuhi ya mazishi, hapo bomani kando ya dam, akajaribu maiki. "Helo, helo. Moja, mbili."

Nilikuwa nimesimama kwa ua. Nikaona korongo ameinuka kutoka kwa matete, akaruka mpaka upande ule mwingine wa dam. Mwenzake akamfuata. Mayai yakabaki wazi, na mawingu ya mvua yalikuwa yameshuka.

Mama Tabitha, mwenzake Rhoda wa kikundi, alikuwa anaosha sufuria. Aliniangalia tu.

Nikaenda nikazima jenereta.

"Mafuta yameisha?" Wafula akauliza.

"Nimezima. Leo hakuna spika."

"Wewe! Unazika mke ama unamficha? Nyumbani watasema tulimzika kama paka. Kisa ndege?"

"Kaka, wanalalia. Rhoda angekuwa hapa, ungewasha?"

Wafula alikusanya nyaya, akazitupa kwa pickup. Wazee wawili wa ukoo walibeba viti vyao wakakaa mbali na tenti. Wakuu, nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

Pasta akahubiri kwa mdomo tu. Wa nyuma hawakusikia, kwa hivyo walivuta viti mbele, wengine wakasimama karibu kabisa na jeneza. Nyimbo tuliziimba kwa sauti ya chini. Na kila mtu, hata wale walionuna, alikuwa anachungulia kisiwa.

Katikati ya mahubiri mama mmoja akanong'ona, "Amerudi." Neno likapita kiti kwa kiti mpaka likamfikia Wafula. Pasta akageuka, akatazama pia.

"Haya, tuendelee," akasema. "Mwenye nyumba amerudi."

Watu walicheka kwenye mazishi ya mke wangu, na nilifurahi.

Wiki kadhaa baadaye Mama Tabitha alinipigia simu nikiwa kazini. "Baba Sifa, ni wawili! Wanatembea!" Niliweka kiatu cha mteja chini nikalia. Siku hizi wageni wamerudi, na yeye huwaambia kwamba hao makinda ni wa Rhoda.

Wafula bado hanisalimii vizuri. Hilo pia ni kweli, na linaniuma.

Nimejifunza kwamba marehemu anaheshimiwa kwa kufuatwa neno lake, hata ukoo mzima ukikununia. Nikipita pale dam natembea kichwa juu.

Wewe uliyewahi kukataa jambo la matanga mbele ya watu wenu, mlipatana vipi baadaye? Niambie, hata kama unaona nilikosea.