Hamimu na kipande cha jua

Hamimu wa mtaa wa Jabe, hapa Bujumbura, alikuwa mchomea vyuma, na mageti mengi ya mtaa wa Kinindo aliyatengeneza yeye. Duka langu linatazamana na karakana yake, ndiyo maana nayajua haya.

Siku jua lilipopatwa, mwaka 2016, binti yake Yasmina alifumba jicho moja akaweka kidole gumba mbele ya balbu ya karakana.

"Papa, mwezi iko kidogo sana kuliko jua, lakini iko karibu na sisi. Ikipita katikati, inafunika jua, na sisi tunabaki mu kivuli yake."

Sijaona, mke wa Hamimu, alikuwa amejifunga mtandio aende msikitini kwa swala ya kupatwa kwa jua. Akamshika mumewe mkono.

"Baba Yasmina, twende."

"Tangulia, nakuja."

Hakwenda. Alikuwa amefunga pamoja vioo viwili vyeusi vya kuchomelea, na watu wa sokoni walivigombania.

"Fundi, na mi nione tena!"

"We mama, umeshaangalia mara mbili. Unataka uolewe na mwezi?"

Watu wakacheka. Mwanga ukafifia, hewa ikapoa, jua likabaki jembamba kama ukucha. Vioo vilikuwa mbali, mikononi mwa watu. Hamimu akainua uso wake mtupu.

"Papa, apana!"

"Wacha, mutoto. Macho ya fundi imezoea moto. Na jua yenyewe imeshachoka."

Kosa hilo angelifanya mchomea vyuma tu. Kipande kile kilikuwa jua lile lile, kikali vile vile. Giza ndilo lililomwezesha kukikodolea bila kufumba.

Jioni akaanza kuona doa katikati ya kila kitu. Wenzake wa kazi wana dawa yao: macho yakipigwa na mwanga, unayawekea vipande vya kiazi, unalala, asubuhi yamepoa. Akaweka viazi. Doa halikuondoka. Daktari akamwambia kwamba mwanga wa kuchomelea huumiza jicho kwa nje, napo hupona. Jua lilikuwa limechoma ndani, bila maumivu, na ndani hapaponi.

Alijaribu kurudi kazini. Pembe za chuma aliziona, lakini mstari wa kuchomelea ulimpotea. Mageti yakaanza kurudishwa. Mwisho akauza mashine.

"Ningemuvuta na nguvu siku ile," Sijaona husema mpaka leo.

"Ulinivuta," Hamimu humjibu. "Mi ndiye nilikatala."

Mwaka jana Yasmina aliolewa. Siku hizi Hamimu akitaka kuona uso wa mtu, lazima atazame pembeni yake. Alipofikishwa mbele ya bibi harusi, aligeuzia macho ukutani, akakaa hivyo muda mrefu. Ndugu za bwana harusi wakaanza kunong'ona.

"Muzee amenuna? Hata kumuangalia mutoto wake hataki?"

Yasmina akawasikia.

"Mumuache," akasema. "Ananiangalia."